Je, Mkristo hana nafasi miongoni mwa wanaoandamana kupinga makampuni makubwa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kitanzania ninayesoma chuo kikuu katika jimbo la Texas, na ninaabudu na Wabaptisti ambao wamenipokea kama mtoto wao. Hivi karibuni, katika darasa la Biblia, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba watu wanaoandamana mitaani kupinga makampuni makubwa ni wavivu waliojaa wivu, na kwamba Mkristo hana nafasi miongoni mwao. Wengi waliitikia amina. Mimi nilinyamaza, lakini moyoni nilimkumbuka nabii Amosi na waraka wa Yakobo, wanaowakemea matajiri wanaowaonea maskini. Je, msimamo huo unatoka katika Biblia, au ni siasa ya Marekani iliyovikwa joho la kanisa? Na nikialikwa kwenye maandamano ya namna hiyo, niende?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kunyamaza kwanza na kuuliza baadaye, kwa sababu jambo hili likijibiwa kwa pupa huishia katika kuhukumu watu bila kuwasikiliza. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba hofu ya mzee wako juu ya umati ina mizizi ya kweli katika Maandiko, na si haki kuiita siasa tupu. Lakini kutoka kuuogopa umati hadi kuyatetea makampuni kuna mto mpana ambao Maandiko hayakuujengea daraja, na daraja lililopo limejengwa na siasa. Nitatumia zaidi mfano wa mwaka 2011, kwa maana ndio uliowalazimu Wakristo wahafidhina wa Marekani kusema kwa sauti yale waliyokuwa wakiyaamini kimyakimya kwa miaka mingi.

Tarehe 17 Septemba 2011 kundi la watu lilipiga kambi katika bustani ya Zuccotti Park jijini New York, hatua chache kutoka Wall Street, mtaa ambao jina lake limekuwa jina la biashara yote ya fedha ya Marekani. Walijiita Occupy Wall Street, yaani wanaoikalia Wall Street, na kauli yao iliyosikika duniani kote ilikuwa kwamba wao ni asilimia 99, dhidi ya asilimia moja ya matajiri. Malalamiko yao yalianzia miaka mitatu nyuma. Benki ya Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba 2008, na mwanzoni mwa Oktoba mwaka huohuo Bunge la Marekani likaidhinisha hadi dola bilioni 700 za umma kwa ajili ya kuziokoa taasisi za fedha, huku familia nyingi za kawaida zikiendelea kunyang'anywa nyumba kwa kushindwa kulipa mikopo ambayo baadhi ya taasisi hizohizo ziliitoa bila uangalifu. Waandamanaji hawakuwa na kiongozi mmoja wala orodha moja ya madai. Tarehe 1 Oktoba zaidi ya 700 kati yao walikamatwa katika daraja la Brooklyn, na usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba polisi wakaiondoa kambi yote.

Wahafidhina hawakuchelewa kujibu. Herman Cain, mhubiri msaidizi wa kanisa la Kibaptisti jijini Atlanta ambaye wakati huo alikuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Republican kugombea urais, alisema katika mahojiano ya mwezi Oktoba kwamba mtu asiye na kazi na asiye tajiri asiilaumu Wall Street wala benki kubwa, bali ajilaumu mwenyewe. Mwezi Novemba wagombea wa chama hicho walikutana ndani ya kanisa mjini Des Moines, Iowa, katika mjadala ulioandaliwa na taasisi ya Kikristo inayotetea familia, na hapo Newt Gingrich akasema kwamba waandamanaji hao waende wakatafute kazi, lakini kwanza wakaoge. Waliokuwemo kanisani walipiga makofi. Ninakumbusha makofi hayo kwa sababu yanafanana na amina uliyoisikia wewe, na kwa sababu yananihuzunisha: mtu yeyote anayelala nje kwa majuma kadhaa atakuwa mchafu, na kanisa ndiyo nyumba ya mwisho duniani ambayo ingepaswa kumcheka kwa hilo. Isitoshe, shtaka la uvivu halikuwa la kweli kwa wote. Tarehe 5 Oktoba vyama vya wafanyakazi, wakiwemo wauguzi na wafanyakazi wa usafiri wa jiji, waliandamana pamoja na wale wa kambini, na hao walikuwa watu wenye ajira.

Hoja iliyonivutia zaidi, kwa sababu ilijaribu kweli kusimama juu ya Maandiko, ni ya Tony Perkins, aliyekuwa akiongoza Family Research Council, mojawapo ya taasisi zenye nguvu za Wakristo wahafidhina jijini Washington. Mwezi Desemba aliandika kwamba Yesu aliunga mkono soko huria na wala hakuwa mwenzao wa waandamanaji. Alijenga hoja hiyo juu ya mfano wa mafungu kumi ya fedha katika Luka 19, ambapo bwana anawaachia watumwa wake fedha wazizalishe. Hapa sisi wasomaji wa Kiswahili tuna faida, kwa maana Biblia yetu inasema katika mstari wa 13, "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Katika tafsiri kongwe ya Kiingereza ya mwaka 1611, agizo hilo lilitafsiriwa kwa kitenzi occupy, ambacho zamani kilimaanisha kujishughulisha na kazi au biashara, lakini leo humaanisha kukalia mahali, na ndicho hichohicho ambacho waandamanaji walikifanya jina lao. Perkins alikuwa akiwaambia kwamba Bwana alipotumia neno lao alimaanisha kuchuma, wala si kupiga kambi.

Kuhusu maana ya neno hilo Perkins yuko sahihi, na mtu wa Tanga au Lamu anayesoma Luka hahitaji kuambiwa. Kosa ni kuufanya mfano kuwa katiba ya uchumi. Katika Luka 16 Bwana anamsifu wakili aliyepunguza hati za madeni ya bwana wake kwa hila, na hakuna mhubiri anayefundisha kutokana na hapo kwamba kughushi hati ni njia ya Kikristo. Mifano huazima watu wa sokoni na wa mashambani ili kufundisha juu ya uaminifu na juu ya hesabu tutakayotoa mbele za Mungu. Zaidi ya hayo, ni nani anayetangulia mfano huo katika sura ileile? Ni Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, aliyetajirika ndani ya mfumo ulioruhusiwa na serikali ya Rumi, na wokovu ulipoingia nyumbani mwake alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya kwa hila. Anayeianza sura ya 19 katika mstari wa 13 amempita Zakayo juu ya mkuyu bila kumwona. Luka ameyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega: mtumwa anayetakiwa kuzalisha, na tajiri anayetakiwa kurudisha.

Hata hivyo nisingependa udhani kwamba wahafidhina hawana hoja isipokuwa hiyo. Msingi wa fikra zao ni mafundisho juu ya dhambi, nao ni msingi imara. Wanaamini kwamba uovu hukaa ndani ya moyo wa kila mtu, wa mwenye benki na wa aliyelala kwenye hema, kwa hiyo harakati yoyote inayougawa ulimwengu kuwa asilimia moja ya waovu na asilimia 99 ya wema imeanza kwa uongo juu ya binadamu. Wanaikumbuka amri ya kumi, inayokataza kutamani mali ya jirani bila kusema kwamba jirani akiwa tajiri amri hiyo hulegea. Wanaikumbuka Kutoka 23:2, ambapo Biblia yetu inatumia neno lilelile tunalolitumia leo: "Usiandamane na mkutano kutenda uovu." Wanaisoma Warumi 13 juu ya kutii mamlaka. Nyuma ya aya hizo kuna kumbukumbu za karne nzima ya mapinduzi yaliyoanza kwa kudai haki ya maskini na kuishia kwa kufunga makanisa na kuwatupa wachungaji gerezani. Mzee wako, kama ana umri ninaoufikiria, alilelewa wakati ambapo makanisa mengi ya Marekani yaliombea Wakristo wa Urusi na China, na anaposikia kilio dhidi ya ubepari hasikii suala la mishahara, anasikia mlango wa kanisa ukipigiwa misumari. Hofu hiyo usiidharau.

Wana pia ushahidi wa karibu zaidi. Mwishoni mwa Novemba 1999, Shirika la Biashara Duniani lilipokutana Seattle, makumi ya maelfu ya watu waliandamana, wengi wao kwa amani, lakini kikundi kidogo kilivunja vioo vya maduka na picha hizo ndizo zilizobaki. Huko Oakland, tarehe 2 Novemba 2011, maandamano makubwa yaliyosimamisha kazi za bandari yalifuatwa na uharibifu wa aina hiyohiyo. Umati haujui kupima adhabu. Humkusudia mwenye mabilioni na kumfikia mwenye duka la pembeni, ambaye asubuhi ataokota vipande vya kioo kwa mikono yake. Lakini ningemwomba mzee wako afungue pia Matendo ya Mitume sura ya 19, penye ghasia maarufu kuliko zote za Agano Jipya. Umati wa Efeso haukuchochewa na maskini. Ulichochewa na Demetrio, mfua fedha, aliyewakusanya mafundi wenzake kwa sababu mahubiri ya Paulo yalikuwa yakiwaharibia biashara ya vihekalu vya Artemi. Wenye mali nao huchochea umati, na karani wa mji aliyeutuliza hakuwaambia kwamba hawana haki ya kulalamika. Aliwaambia kwamba mahakama ziko wazi, wapeleke shauri lao huko.

Sasa nifike pale ninapotofautiana waziwazi na darasa lenu. Kusema kwamba Mkristo hana nafasi mitaani hakupatani hata na historia ya wahafidhina wenyewe. Katika kiangazi cha mwaka 1991 mjini Wichita, Kansas, Wakristo wa kundi la Operation Rescue waliokuwa wakipinga utoaji mimba walijilaza mbele ya milango ya kliniki kwa majuma kadhaa, na waliokamatwa walizidi 2,000. Walijua wanavunja sheria, na walisema wazi kwamba wanamtii Mungu kuliko wanadamu. Wala kupambana na makampuni si jambo geni kwao. Mwaka 1997 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, yaani madhehebu ambayo huenda ndiyo ya kanisa lako, uliwataka waumini wake waisusie kampuni ya Disney kwa sababu ya maudhui ya baadhi ya kazi zake na manufaa iliyowapa wenzi wa jinsia moja wa wafanyakazi wake, na azimio hilo lilidumu hadi mwaka 2005. Kumbe swali halikuwa kama Mkristo aweza kuikemea kampuni, wala kama aweza kuketi barabarani. Swali lilikuwa ni dhambi gani inayostahili kukemewa namna hiyo. Orodha yao ilikuwa na uhai na mwenendo wa kijinsia, nami siwalaumu kwa kuyajali hayo, lakini ujira haukuwemo, ilhali Yakobo 5:4 inasema kwamba ujira wa wakulima uliozuiwa kwa hila unapiga kelele na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Aya hiyo haiko mbali katika Biblia na zile zinazotajwa kila siku, na ukimya juu yake hauwezi kuitwa uhafidhina, kwa sababu mhafidhina wa kweli huhifadhi Neno zima.

Kuna jambo la pili, ambalo huwapotosha hata watu makini. Wahafidhina husema wanatetea mali binafsi, na amri ya "usiibe" kweli huilinda mali. Lakini itazame mali ambayo Biblia huitetea kwa machozi: ni shamba la mizabibu la Nabothi, urithi wa familia moja, dhidi ya mfalme Ahabu aliyelitaka kwa ajili ya bustani yake. Kampuni kubwa ya hisa ya leo si Nabothi. Ni chombo kilichoumbwa kwa sheria ya nchi, ambacho wenye hisa wake hawadaiwi zaidi ya walichoweka hata kama chombo kikifa na madeni, na ambacho kinaweza kuishi kuliko mwanadamu yeyote. Ni chombo chenye manufaa makubwa, na wengi tunakula kutokana nacho, lakini kwa kuwa kimeumbwa na sheria, kuitaka sheria ikibane zaidi si wizi. Mkulima wa Iowa anaposhangilia kwamba benki ya Wall Street imetetewa kwa jina la mali binafsi, huyo anayetetewa ana nafasi ya Ahabu zaidi kuliko ya Nabothi.

Na ukweli ni kwamba wahafidhina wengi walilijua hilo mioyoni mwao. Zile dola bilioni 700 ziliwachukiza sana, na hasira hiyo ilichangia kuzaliwa kwa harakati za Tea Party mwaka 2009, yaani za wahafidhina waliopinga matumizi makubwa ya serikali, ambazo Wakristo wa kiinjili walijiunga nazo kwa wingi, wakiandamana mitaani na mabango. Makundi hayo mawili yaliumizwa na tukio moja. Moja lilimlaumu aliyetoa fedha, yaani serikali, na jingine likamlaumu aliyezipokea, yaani benki, kisha yakatumia muda mwingi yakichekana mavazi.

Ningependa umfahamu mtu mmoja ambaye wahafidhina wa Kiprotestanti wenyewe humheshimu, Abraham Kuyper wa Uholanzi. Alikuwa mchungaji, alianzisha chama kilichojiita cha kupinga mapinduzi, na hakuna anayeweza kumwita mjamaa. Mwezi Novemba 1891, jijini Amsterdam, aliufungua mkutano wa kwanza wa Kikristo juu ya suala la jamii kwa hotuba ambayo ndani yake alikataa kwamba umaskini wa wafanyakazi ni matokeo ya uvivu na dhambi za mtu mmojammoja tu. Alidai kwamba jengo lenyewe la jamii lichunguzwe kuanzia msingi wake, kwa sababu kosa lilikuwa katika namna lilivyojengwa. Mwezi Mei mwaka huohuo Papa Leo wa 13 alikuwa ametoa waraka wake Rerum Novarum, unaotetea mali binafsi na kuukataa ujamaa, na papo hapo ukisema kwamba mwajiri anadaiwa kulipa ujira unaomtosha mfanyakazi kuishi, na kwamba wafanyakazi wana haki ya kuunda vyama vyao. Wahafidhina wawili, mmoja Mkalvini na mwingine Papa, wakasema karibu jambo lilelile kabla ya mapinduzi ya Urusi kuwatia watu hofu. Lakini sitakuficha upande wa pili wa Kuyper. Mwaka 1903, akiwa waziri mkuu, alikabiliwa na mgomo wa wafanyakazi wa reli, naye akapitisha sheria za kuwakataza kugoma. Aliyeona ufa kwenye msingi wa nyumba hakuwavumilia waliogonga ukuta wake. Kila ninapomsoma huona kwamba huo ndio ugonjwa wa uhafidhina wa Kikristo hadi leo: unaweza kulikubali lalamiko likiwa kwenye karatasi, na kuliogopa likija kwa miguu.

Je, imewahi kutokea kwamba wahafidhina na watu wa mitaani wakakutana? Imetokea, na wewe huenda umenufaika. Kampeni ya Jubilee 2000, iliyodai madeni ya nchi maskini yafutwe, ilikuwa ya mitaani kabisa. Mwezi Mei 1998 makumi ya maelfu walishikana mikono kuuzunguka mkutano wa nchi tajiri jijini Birmingham, Uingereza, na usiku wa tarehe 29 Novemba 1999, katika Seattle hiyohiyo ya vioo vilivyovunjwa, maelfu walitoka katika kanisa la First United Methodist wakaandamana chini ya mvua kwa ajili ya jambo hilo. Wengi wao hawakuwa wahafidhina. Lakini Spencer Bachus, mbunge mhafidhina wa Alabama na Mbaptisti wa Kusini, aliibeba hoja yao bungeni. Seneta Jesse Helms, mpinzani mkubwa wa misaada ya nje, akalainika. Na hata mhubiri Pat Robertson akaunga mkono. Mwaka 2000 Bunge likaidhinisha dola milioni 435. Tanzania ilifikia hatua ya kufutiwa sehemu kubwa ya madeni yake Novemba 2001, na mwaka huohuo ada za shule za msingi zikafutwa. Kwa umri wako, pengine uliingia darasa la kwanza bila ada.

Kwa nini milango ilifunguka pale? Kwa maoni yangu ni kwa sababu waliomwendea Bachus walimwendea na Walawi 25, sura ya mwaka wa Yubile, mkononi, wakiwa na dai moja linalohesabika, lenye mwisho, linaloweza kuandikwa kuwa sheria, na lisilomtaka amchukie mtu yeyote. Occupy Wall Street walikuwa na lalamiko la haki kama lile, lakini waliukataa uongozi na wakaacha madai yao yaelee, hivyo aliyetaka kuwapuuza alipata urahisi. Hilo ni kosa la mkakati. Halimpi mtu ruhusa ya kuwaita wavivu.

Kuhusu mzee wako, usimkosoe mbele ya darasa. Mwendee nyumbani kwake, kwa heshima uliyofundishwa kwenu, umwombe msome pamoja Luka 19 tangu mstari wa kwanza na Yakobo 5 yote, kisha umwulize alisemaje mwaka 2008 benki zilipookolewa. Nadhani utamkuta ana hasira ambayo hukuitarajia.

Kuhusu kwenda, sikukatazi. Kabla ya kwenda ujue dai la siku hiyo ni lipi, kwa maneno ambayo ungeweza kuyasoma madhabahuni bila aibu, na waandaaji ni akina nani na wamefuata utaratibu gani wa mji. Kama dai ni mishahara iliyozuiwa au maji yaliyochafuliwa, nenda ukiwa Mkristo wala usijifiche. Kama wanachokitaka ni kumtukana mtu au kuvunja kitu, Kutoka 23:2 imekwisha kukujibu. Na polisi wakitangaza kwamba mkusanyiko umekwisha, ondoka papo hapo, hata wenzako wakibaki, kwa sababu wao wakikamatwa watarudi nyumbani kwao kesho yake, ilhali wewe uko huko kwa viza ya mwanafunzi, na kukamatwa kunaweza kukuletea matatizo ya uhamiaji hata kama mashtaka yatafutwa.